Milango Minane

Mzungu wa kwanza kuingia nyumbani kwetu Ibra, nchini Oman, alimwamkia mama yangu kwa shikamoo. Ilikuwa Alhamisi alasiri, mwaka 1996, na mama, Bi Ghanima, alikuwa amekaa kwenye jamvi anachambua mchele. Alinyanyua uso akamtazama yule mtu mrefu mwenye nywele nyeupe na viatu vilivyojaa vumbi, kisha akanitazama mimi, akadhani amesikia vibaya.

"Marahaba," akajibu mwishowe. "Kiswahili umekipata wapi, mwanangu?"

"Tabora, mama. Nilikaa miaka sita. Tulikuwa tunajenga mashule."

"Mashule," mama akaniambia mimi, kama kwamba mgeni hayupo. "Cha bara hicho."

Lakini alimsogezea tende na kahawa kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakuwa akimfanyia kila mtu.

Jina lake lilikuwa Gerlof Dijkema, Mholanzi, mtu wa miaka sitini. Kazi yake maisha yake yote ilikuwa kuchora majengo ya michezo: viwanja vya mpira, mabwawa ya kuogelea, kumbi za kuchezea ndani. Kwao alikuwa amejenga kumi na moja. Huku Oman alikuwa amekwisha kumaliza ukumbi mmoja Sur na jukwaa dogo Nizwa, na alikuwa amepanga vyumba viwili katika nyumba ya kale ya matajiri kule Aija, ng'ambo ya hori la Sur. Sasa klabu moja ya Ibra ilikuwa imemwomba awachoree uwanja wa mpira, uwanja wa kweli wenye majukwaa, maana vijana walikuwa wakicheza kwenye mawe kandokando ya wadi, bonde la mto lisilo na maji ila mvua ikinyesha.

Aliyemleta nyumbani ni mume wangu, Marzouq, katibu wa klabu. Na mimi nilikuwa ndani ya kazi ile pia. Jina langu Rawya. Nilizaliwa Unguja, Vuga, nikaja Oman na mama nina miaka kumi na tano. Baba tulimwacha kaburini kulekule. Nilisomea Kairo uchoraji wa ramani za majengo, na wakati huo nilikuwa nafanya kazi katika ofisi ndogo ya wahandisi hapo Ibra, mwanamke pekee. Klabu ilipotoa kazi, michoro ya Mhandisi, ndivyo tulivyomwita, ililetwa mezani kwangu niinakili kwa wino.

Siku ile ya kwanza mama aliona jambo ambalo mimi sikuliona. Mgeni alipoondoka akaniuliza, "Yule bwana alikuwa anatafuta nini? Macho yake hayakutulia."

Nilimuuliza Marzouq, naye akacheka. "Anahesabu milango. Popote anapoingia. Juzi nilimpeleka harusini Al Kamil, akasimama nje ya hema akahesabu pa kuingilia na pa kutokea kabla hajakaa."

Kazi tuliifanya mwaka mzima. Mhandisi hakuwa mtu wa maneno mengi, ila alikuwa na mambo yake. Siku moja uwanjani alimsimamisha Marzouq ukutani, akambebesha binti yetu Wiam, wakati huo ana miaka kumi na miguu imekwisha kuwa mirefu, akampima kwa futi kutoka kiwiko mpaka kiwiko.

"Mtu aliyembeba mtoto ni mpana kuliko mtu peke yake," akasema. "Vitabuni hawaandiki hivyo. Vitabuni watu wote wako peke yao."

Akaweka milango minane. Minne kila upande, yote mipana, yote inafunguka kwa nje. Alikuwa amepiga hesabu kwamba uwanja ukijaa, mtu wa mwisho awe nje katika dakika nne.

Sababu alitueleza njiani, siku tuliyotoka Nizwa kukagua lile jukwaa lake. Marzouq aliendesha, Mhandisi alikaa mbele, mimi na Wiam nyuma. Tulisimama Izki kununua maji na ndizi. Wiam akalala. Gari ilipoondoka tena, Marzouq akamuuliza, kwa mzaha tu, kama kwao Uholanzi watu wana pupa gani hata wanahitaji milango mingi hivyo.

Mhandisi akatuambia kwamba mwaka 1981, katika mji mdogo wa kwao, kulikuwa na ukumbi wa barafu aliouchora yeye, mahali watu wanapoteleza kwa viatu vya chuma. Jioni moja taa zilizimika. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba kuna moto.

"Hapakuwa na moto," akasema. "Lakini watu walikimbilia ngazi, na ngazi ilikuwa moja. Alikufa mtoto wa kike wa miaka tisa." Alilitaja jina lake, mimi sikuweza kulishika. "Ngazi ile ilikuwa na upana uleule unaotakiwa na sheria. Sikupunguza na sikuongeza. Mahakama ilisema sina kosa."

"Basi huna kosa," Marzouq akamwambia.

"Mama yake alikuwepo. Tulipotoka alinipa mkono."

"Alikusamehe?" nikauliza mimi kutoka nyuma.

"Sijui, Rawya. Alinipa mkono tu."

Mke wake, alisema, alivumilia miaka mitatu ya kuishi na mtu asiyelala, kisha akahamia kwa dada yake. Hakumlaumu.

Ugomvi ulianza mwaka uliofuata. Mwenyekiti wa klabu alikuwa mfanyabiashara mkubwa. Jina lake silitaji, ana watoto na wajukuu. Aliitisha mkutano, nami nikaitwa niipeleke michoro. Akaikunjua mezani, akaweka kidole upande wa barabara ya Sur.

"Hapa pana milango minne," akasema. "Hapa ndipo penye biashara. Milango miwili ikiondoka, chini ya jukwaa tunapata maduka sita. Na upande wa wadi, miwili vilevile, tunapata ghala na ofisi. Klabu itajitegemea."

Mhandisi alijibu kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, na alipokwama akanigeukia akasema kwa Kiswahili, nami nikafasiri. Alisema milango si mapambo. Alisema minane ikiwa minne, zile dakika nne zitakuwa zaidi ya nane, maana watu wakisongamana hawatembei tena, wanabanana.

"Ibra si Ulaya," mwenyekiti akasema, bila ya hasira. "Watu wetu wana adabu. Hawasukumani."

"Watu wote wana adabu," Mhandisi akasema, "mpaka wapate hofu."

Hilo nililifasiri kama lilivyo. Mwenyekiti hakupendezwa. Baada ya wiki Mhandisi aliandika barua ndefu kwamba hatauwekea saini mchoro wenye milango minne, na klabu ikamjibu kwa barua fupi kwamba inamshukuru kwa kazi yake.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini jioni moja, tumekwisha kula, Marzouq alikaa karibu yangu akanishika mkono.

"Rawya, kazi hii ikikwama sasa haitajengwa tena. Mimi nimehangaika miaka saba kutafuta kile kiwanja. Wale vijana watacheza kwenye mawe mpaka wawe na mvi."

"Na Mhandisi?"

"Mhandisi hataki kusaini. Ofisi yenu itasaini. Mkuu wako amekwisha kukubali. Kinachotakiwa ni mchoro tu, na mchoro unaujua wewe."

"Unaona ni sawa, Marzouq?"

Hakuwa mtu mwongo, hata kwangu hata kwa nafsi yake. "Si sawa sana," akasema. "Lakini si vibaya sana. Siku za mechi nitasimama mimi mwenyewe kwenye milango."

Siku zile hatukuwa na kompyuta ofisini. Tulichora kwa wino juu ya karatasi nyembamba inayoonyesha, na ukitaka kuondoa mstari unaukwangua kwa wembe, taratibu, usije ukaitoboa karatasi. Nilikwangua milango minne. Nilikuwa nimeweka kaseti ya taarabu, na upande mmoja wa kaseti haujaisha, kazi ilikuwa imekwisha. Nikachora ukuta pale palipokuwa na uwazi. Mkono wangu haukutetemeka. Ninalisema hili kwa sababu baadaye nilijaribu kukumbuka kama ulitetemeka, na haukutetemeka.

Mhandisi alikuja kutuaga mwezi wa Aprili, 1998. Mama alikuwa amemuokea mkate wa kumimina, akamkatia kipande kikubwa. Walizungumza habari za Tabora, za maembe na reli. Kisha mama akaenda jikoni, Marzouq akatoka kumshughulikia dereva, na yeye akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mchoro mpya umeuchora wewe?"

"Mimi."

Akatikisa kichwa. Nilingoja aseme lolote. Akasema, "Hiyo minne iliyobaki, umeiacha ifunguke kwa nje?"

"Nimeiacha."

"Ahsante," akasema. Marzouq alipoingia, alimpa mkono akamwomba jambo moja tu: siku za mechi milango yote isifungwe kwa kufuli. Marzouq akamwahidi.

Uwanja ulifunguliwa mwaka uliofuata. Ibra nzima ilikuwepo, ngoma za razha zikapigwa, na Marzouq alirudi nyumbani sauti imemkauka, amebeba bendera ya klabu begani kama mtoto. Sijapata kumuona na furaha namna ile, hata siku ya harusi yetu. Na ahadi yake aliitimiza. Kila Ijumaa ya mechi alikwenda saa mbili kabla, akafungua milango yote minne, akazivaa funguo shingoni.

Msimu wa pili mwenyekiti akasema watu wanapenya upande wa wadi bila ya tiketi. Akaamuru ile milango miwili ya upande ule ifungwe kwa mnyororo. Marzouq alibishana naye, akashindwa. Alilolipata ni kwamba funguo zibaki kwake. "Nakaa karibu," aliniambia. "Likitokea jambo, ni hatua ishirini."

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Februari, 2001. Timu ya Al Kamil ilikuwa imekuja na mashabiki wengi, na wamewekwa jukwaa la upande wa wadi, lile lisilokuwa na paa. Baada ya mapumziko mbingu zikageuka nyeusi upande wa milimani. Mimi nilikuwa nyumbani na mama, tunaanua nguo uani. Mvua ilishuka kwa ghafula, halafu ikawa mvua ya mawe, nasi tukakimbilia ndani na Wiam akacheka kwa sababu mama alikuwa amejifunika beseni kichwani.

Yaliyotokea uwanjani niliyapata kwa watu wengi, kidogo huku na kidogo huku. Radi ilipiga mlingoti wa taa. Mtu akapiga kelele kwamba wadi imeshuka, inakuja na maji. Haikuwa imeshuka bado. Ilishuka saa moja baadaye. Lakini watu wa jukwaa lile walikimbilia milango iliyo karibu nao, wakaikuta imefungwa. Waliokuwa mbele wakageuka ili warudi. Waliokuwa nyuma hawakujua.

Marzouq alishuka kutoka juu na funguo mkononi. Mlango wa kwanza aliuwahi. Mamia ya watu walitokea hapo, na wengi wao wapo hai leo, wengine bado hunisimamisha njiani kuniombea dua. Akakimbilia wa pili. Mnyororo wake ulikuwa kwa ndani, chini kidogo, kwa hiyo ilimbidi ainame. Alikuwa ameinama hivyo watu walipomfikia.

Walikufa watatu: mwalimu mmoja wa Al Kamil, mzee mmoja aliyekuja kumtazama mwanawe akicheza, na Marzouq. Tulimzika kesho yake asubuhi. Ndugu yake aliyemwosha alimwambia mama, na mama akaniambia mimi baada ya muda, kwamba kiganja chake cha kulia kilikuwa na chapa ya ufunguo, imezama ndani ya nyama.

Watu walisema amekufa shahidi. Waliandika gazetini kwamba katibu wa klabu alitoa roho yake kuwaokoa wenzake, na ilikuwa kweli. Mwenyekiti alijiuzulu. Uwanja ukafungwa. Wanawake walijaa nyumbani kwetu siku tatu, wakinisifia mume wangu, na mimi nikiitikia, na kila sifa ikinikata. Kwa sababu mle ndani hakuna hata mmoja aliyejua kwamba pale pale alipoinamia Marzouq, hatua tatu mkono wa kushoto, palikuwa na mlango mwingine mchoroni, na kwamba aliyeuondoa ni mimi.

Nilikaa eda. Miezi minne na siku kumi, ndani, sionani na mwanamume asiye maharimu yangu. Siku ya hamsini hivi nilisikia gari inasimama nje, kisha sauti kwenye majlis, chumba cha wageni, na neno shikamoo.

Mama alikuja chumbani. "Garlufu amekuja," akasema. Ndivyo alivyomwita siku zote. "Ametoka uwanja wa ndege Maskati moja kwa moja. Anataka kukupa mkono wa pole. Nimemwambia uko eda, hakuoni. Anauliza kama anaweza kusema nawe mlango umefungwa."

Nilitoka nikakaa chini, nyuma ya mlango wa majlis. Mama alikaa ndani upande wake. Niliona kivuli cha miguu ya Mhandisi kwa chini ya mlango.

"Rawya," akasema. "Pole sana."

"Nimeshapoa."

Nilisikia mama anamimina kahawa. Nami nilijua kwamba kama sikusema wakati ule, sitasema maisha yangu yote.

"Mimi ndiye niliyekwangua milango," nikasema. "Kwa wembe. Marzouq aliniomba, lakini mkono ni wangu. Mama, na wewe sikia."

Kikombe cha mama kilitulia.

"Najua," Mhandisi akasema. "Uliniambia siku ile."

"Kwa nini hukunikataza?"

"Kwa sababu nilikuwa nimeandika barua," akasema. "Nilikuwa na nakala. Nilipoondoka hapa nilijiona safi, Rawya. Miaka kumi na saba sikuwa nimejiona safi, na siku ile nilijiona. Nikasema, safari hii nimewaambia. Safari hii si mimi. Hiyo barua nimeisoma tena kwenye ndege. Ni barua nzuri. Haikumfungulia mtu mlango."

Nikamsikia analia. Analia bila ya kujizuia, mtu mzima yule, na mama yangu anamwambia, "Basi, mwanangu. Basi. Kunywa kahawa."

Mimi sikulia. Sikuwa nimelia tangu siku ya maziko, na siku ile pia sikuweza.

Kesho yake, tunakunja nguo, mama alisema tu, "Marzouq alikuwa anajua hatari yake?" Nikamwambia anajua. Akaendelea kukunja.

Mhandisi hakurudi kwao. Alikuja kwa wiki moja, akakaa karibu miaka miwili. Alipanga chumba karibu na soko, akaanza kwenda maofisini, akikaa kwenye mabenchi ya korido na bomba la ramani mapajani, akisubiri kuitwa. Wengine walimheshimu, wengine walimchoka. Alichotaka ni kitu kimoja: maduka na ghala vibomolewe, milango irudishwe minane. Mwisho walikubali, nadhani kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana ndiye aliyekataa.

Eda yangu ilipokwisha nilirudi ofisini. Nikaikuta barua yake mezani, anaomba niuchore mimi mchoro wa kurudisha. Nikakataa. Akaniletea tena, nikakataa. Nilimwambia mkuu wangu nitachora nyumba, nitachora visima, nitachora chochote kisichokuwa kile. Kwanza niliona haya. Kisha, niseme kweli, nilimchukia kidogo, kwa kuwa, ukimwacha mama, ni yeye peke yake aliyenisikia nikikiri.

Mama ndiye aliyenitoa. "Nilimpelekea chakula jana," akasema. "Anachora peke yake pale chumbani, na mkono wake unatetemeka. Mstari unakwenda huku na huku. Anafuta, anaanza tena. Sikwambii umfurahishe. Nakwambia kaa kitako umshikie kalamu."

Nikaenda. Tulichora wiki sita, mlango wazi, na mama amekaa pembeni na tasbihi yake. Hatukuzungumza mambo makubwa. Yeye alisema vipimo na mimi nikachora. Mara moja tu, tulipofika kwenye ule mlango wa hatua tatu mkono wa kushoto, aliniuliza kama nataka auchore yeye. Nikasema hapana. Niliuchora. Nilikuwa nimedhani nikiuchora kitu fulani ndani yangu kitalegea. Hakikulegea. Ulikuwa mlango tu, mistari minne na upinde wa kuonyesha upande unaofungukia.

Kazi ilimalizika mwezi wa Novemba, 2002. Alikwenda akaupima kila mlango yeye mwenyewe, akiufungua, akiufunga. Siku ya kufungua tena uwanja hakuhudhuria. Alikuja kwetu badala yake, akakaa na mama mpaka magharibi, na mama akampa chupa mbili za achari ya ndimu azifunge vizuri ndani ya nguo zisije zikavuja. Mlangoni alimwinamia akambusu mkono, jambo ambalo hakulijua Tabora wala Uholanzi. Alikuwa ameliona kwetu, Wiam akimfanyia. Mama hakuuvuta mkono. Nilimsindikiza mpaka garini.

"Utajenga tena?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema. "Sasa nimechoka, Rawya."

Mama yangu alifariki mwaka 2004, Ramadhani. Nilimwandikia Mhandisi, akanijibu kwa Kiswahili, mistari sita yenye herufi zinazoyumba. Baada ya hapo kimya.

Mwaka 2006, mwezi wa Machi, simu ililia nyumbani. Alikuwa mwanamke mzee, anazungumza Kiingereza polepole. Akasema yeye ni dada yake Gerlof, na kwamba Gerlof amefariki siku kumi zilizopita. Alikuwa amekuta namba yangu katika daftari lake. Nikampa pole kwa Kiingereza changu kibovu. Nilidhani atakata, lakini akasema kuna jambo linamkera, na labda mimi naweza kumsaidia.

Wiki mbili za mwisho, alisema, kaka yake alikiacha Kiholanzi. Akawa anasema lugha ambayo hakuna aliyeielewa. Alikuwa anauliza kitu, kilekile, mara nyingi kwa siku, na anamtazama yeye usoni akingoja jibu, na yeye hana jibu, anamshika mkono tu. Alikuwa ameyaandika maneno yenyewe kama alivyoyasikia. Akanisomea kwenye simu, kwa matamshi ya kwao, na ilinibidi nimwombe arudie.

"Wote wametoka?" Hayo ndiyo maneno.

Nikamfasiria. Akauliza, "Ningemjibu nini?"

Nikamfundisha. Ndiyo, wote wametoka. Akayarudia polepole, akaniomba nimtajie herufi moja moja ayaandike, ingawa hapakuwa tena na wa kumwambia. Akanishukuru, akakata.

Wiam alikuwa amekaa upande wa pili wa chumba, mwanafunzi wa miaka ishirini, amekuja kwa likizo. Aliniuliza ni nani, na kwa nini ninalia. Nilikuwa nalia, na sikuwa nimejua. Kiswahili chake ni cha kuombea maji na kuitikia salamu, kwa hiyo nilimweleza kwa Kiarabu. Nilimweleza yote, ya Uholanzi na ya mkutano, ya wembe na ya kaseti. Alikuwa amekua na baba ambaye mji mzima unamsifu. Nikayatia mambo yale ndani ya sifa zile, kwa sababu sikuona njia nyingine ya kumfanyia haki yule mzee aliyekufa akiuliza.

"Baba alijua kuwa ni hatari?" akauliza.

"Alijua."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Alisimama akaenda chumbani kwake. Siku tisa hakusema nami. Alikula, akaosha vyombo, akapita mbele yangu kwa heshima zote, macho chini. Sikumlazimisha. Nilifikiri, hata asiponisamehe, ana haki.

Siku ya kumi, alasiri, alikuja akasimama mlangoni mwa chumba changu, ameshajifunga mtandio. Aliniuliza kama nimekwisha kusali asri. Nikamwambia bado. Akatandika misala miwili, mmoja kando ya mwenzake, akaningoja nitie udhu. Tukasali. Tulipotoa salamu hakuondoka. Alibaki pale amekaa, bega lake limegusa la kwangu, mpaka jua lilipoingia dirishani likatufikia miguuni.